Buibui wa Ukutani Anasingiziwa

Yule buibui mkubwa wa kahawia anayetokeza ukutani usiku, miguu imetanda upana wa kiganja, hupigwa kandambili kabla hajasogea. Mashtaka anayouawa kwayo si ya kweli.

Husemwa kwamba huwakojolea watu usingizini, wakaamka na malengelenge. Kinyesi cha buibui hakiunguzi ngozi. Vidonda vile vina wenyewe. Nyakati za mvua, taa huvuta kijidudu chembamba chenye mikanda myeusi na myekundu, ambacho Kenya hukiita nzi wa Nairobi ingawa ni jamii ya mbawakawa. Hakiumi. Kikitua shingoni ukakiponda, majimaji yake yenye kemikali ya pederini huunguza ngozi, na baada ya siku moja au mbili unaona mchirizi wa malengelenge. Kipulize, kisha nawa kwa sabuni. Malengelenge yenye maumivu makali yaliyojipanga upande mmoja tu wa mwili huenda ni mkanda wa jeshi, unaoletwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga. Dawa yake hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu za mwanzo, na anayekaa nyumbani kumlaumu buibui anazipoteza siku hizo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ana sumu ya kuua? Sumu anayo, ya kumlaza mende. Akibanwa huuma, hasa jike mwenye mayai. Panauma, panavimba kidogo, kisha panapoa.

Wengine humwita tarantula. Mmulike kwa tochi: mwili bapa, miguu imelala pembeni kama ya kaa, macho manane katika safu mbili za manne manne, na ukanda wa rangi ya maziwa usoni. Jike hukumbatia kifuko bapa cha mayai chini ya kifua. Ukiona kifuko kimeshikizwa nyuma, au watoto wamejazana mgongoni, huyo ni buibui mwingine, mwindaji wa ardhini. Huyu wetu ni Heteropoda venatoria, aliyeelezwa na Linnaeus mwaka 1767, na meli za mizigo zimemsambaza nchi zote za joto.

Eti asiyetega utando hana faida. Yeye huvizia, kisha hurukia. Mbita, kando ya Ziwa Victoria, yuko buibui mwingine mdogo ambaye naye huwinda bila utando, Evarcha culicivora, anayependelea mbu jike aliyekwisha kunywa damu, hasa wale waenezao malaria.

Wanaotaka kumfuga huyu wa ukutani huambiwa chupa yoyote inatosha. Haitoshi. Hujivua gamba akining'inia kichwa chini, kwa hiyo anahitaji chombo kirefu chenye matundu ya hewa na gome la kusimama wima. Kikiwa kifupi, miguu hutoka imepinda, au anakufa.

Usiyetaka kumfuga, mfunike kwa bakuli, pitisha kadibodi chini yake, umpeleke stoo waliko mende.