Waifai ikikata katikati ya mtihani, nani alipe?

Hebu fikiria. Uko swali la 31 kati ya 50, dakika zinahesabika pembeni mwa skrini, halafu kile kiduara kinaanza kuzunguka. Unamtazama jirani, naye anakutazama. Ukumbi mzima umekwama. Mtandao ukirudi, dakika tisa zimeyeyuka na hakuna wa kukurudishia.

Hayo yalinipata kabla sijaacha chuo. (Tulia, si waifai iliyonitoa, ni karo.) Nilipolalamika niliulizwa, "Mbona wenzako wamemaliza?" Wenzangu walikuwa wameketi karibu na kile kisanduku cha waifai kule mbele. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo.

Siko hapa kuponda mitihani ya kompyuta. Matokeo hutoka haraka, na hakuna karatasi ya kupotea ofisini halafu uambiwe alama zako hazionekani. Shida ni kuuweka mtihani juu ya waifai ile ile tunayopakulia sinema hosteli.

Waifai ni kama matatu ya viti 14. Ukijaza watu 30, viti haviongezeki. Mashine zilizo kwenye chaneli moja hupokezana zamu, na masafa ya 2.4 GHz yana chaneli 3 tu zisizoingiliana. Sasa weka wanafunzi 200 ukumbini, kila mmoja na laptopu, huku simu walizoacha kwenye mabegi mlangoni bado zimeunganishwa. Ulitarajia nini?

Nigeria hawakuthubutu hivyo. Mtihani wao wa kujiunga na vyuo vikuu, unaosimamiwa na JAMB, umekuwa wa kompyuta pekee tangu 2015, na vituo huunganisha kompyuta kwa nyaya hadi kwenye seva iliyo pale pale. Hata hivyo, mwaka wa 2025 hitilafu ya programu kwenye seva iliwaathiri watahiniwa 379,997. Mkuu wa JAMB, Ishaq Oloyede, alikiri kosa hadharani huku akilia, na watahiniwa wakapewa nafasi ya kurudia. Mitambo ilifeli, lakini mwenye mitambo alibeba mzigo. Huku kwetu mzigo huo anaachiwa nani? Wewe.

Kwa hivyo, komredi, usingoje siku ya mtihani. Mtume kiongozi wa darasa lenu idarani na maswali matatu. Mtandao ukipotea, majibu yanabaki kwenye mashine? Saa inasimama? Na ni nani anayeandika kwamba ulikata, na saa ngapi?

Ukikwama, inua mkono hapo hapo. Andika saa na nambari ya kiti chako, kisha mwombe msimamizi atie sahihi. Bila rekodi, wiki mbili baadaye utaambiwa unatafuta visingizio.

Ulilipa karo ili upimwe unachokijua, si mahali ulipoketi.