Matt Riddle: kutoka mapigano ya kweli hadi catch, kwa kupitia mlango mdogo

Mwezi wa pili mwaka 2013, Mmarekani Matt Riddle alimshinda Che Mills katika pambano la UFC mjini London. Furaha haikudumu. Vipimo vilionyesha alama za bangi, mara ya pili ndani ya miezi 7. Matokeo yakafutwa na UFC ikamfukuza akiwa na miaka 27.

Mpiganaji wa namna hiyo anaenda wapi? Riddle alienda kwenye mieleka ya kulipwa, ile ambayo wakaaji wa Kinshasa na Goma wanaiita catch. Alijifunza katika shule ya Monster Factory, New Jersey, na mwaka 2015 akaanza kupanda ulingo. Miaka 3 baadaye alikuwa na mkanda wa Evolve, moja ya kampuni ndogo zilizoheshimiwa sana Marekani.

Si yeye wa kwanza kuhama. Ronda Rousey, mwenye shaba ya judo ya Olimpiki ya Beijing 2008, aliingia WWE mwaka 2018. Lakini Rousey alipokelewa kwenye mlango mkubwa, jina lake likiwa tayari linauza tiketi. Riddle alianzia chini, katika kumbi ndogo, kama Shayna Baszler, mwanamke aliyepigana MMA kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kufuata njia hiyo hiyo.

Na huko chini maisha ni magumu. Mcheza catch wa kujitegemea hana mshahara wa mwezi. Analipwa kwa usiku aliocheza, anauza fulana zake mwenyewe pembeni ya ukumbi, na akivunjika mkono wiki hii, wiki ijayo hakuna kitu. Hata WWE, pamoja na utajiri wake wote, inawahesabu wachezaji wake kama watu wa kujitegemea, si wafanyakazi.

Basi historia ya mapigano inamsaidia nini? Watazamaji wanajua kwamba mshindi wa catch anapangwa kabla. Wanachotafuta ni mtu wa kuwafanya wasahau jambo hilo kwa dakika 15. Riddle aliingia ulingoni bila viatu, kama katika MMA, na alipoukamata mkono wa mwenzake ili kuukunja, mtu aliamini kwamba unaweza kuvunjika kweli. Ugumu uko upande wa pili: mtu aliyefundishwa miaka mingi kuumiza lazima ajifunze upya kumlinda yule anayempiga. Wengi hushindwa hapo, na ndiyo sababu medali peke yake haimtengenezi mcheza catch.

Kuchanganya michezo hii miwili kulileta aibu pia zamani. Muhammad Ali, ambaye Kinshasa haitamsahau tangu alipomwangusha George Foreman mwezi wa kumi 1974, alikutana na Antonio Inoki, mcheza catch wa Japani, mjini Tokyo mwezi wa sita 1976. Kwa raundi 15 Inoki alikuwa karibu muda wote chini, akipiga miguu ya Ali kwa mateke. Sare. Watazamaji walikasirika, na Ali aliondoka na miguu iliyovimba.

Tarehe 5 mwezi wa nne 2018, mjini New Orleans, Riddle alijaribu jibu lingine. Mashindano yaliyobeba jina lake, Bloodsport, yalichezwa katika ulingo usio na kamba, na kushinda kulikuwa kwa njia mbili tu: mpinzani azimie au asalimu amri. Katika pambano kuu alishindwa na Minoru Suzuki wa Japani. Kushindwa huko hakukumpunguzia kitu; katika catch, kuanguka vizuri mbele ya mzee anayeheshimika ni kupanda.

Mwezi wa nane mwaka huo WWE ikamchukua. Ilimwachisha mwezi wa tisa 2023, naye akarudi kwa kampuni ndogo za Marekani na kwenye ulingo wa Japani.

Bloodsport haikumngoja. Tangu 2019 inabeba jina la Josh Barnett, ambaye naye alinyang'anywa mkanda wa UFC mwaka 2002 kwa sababu ya vipimo.