Majani ya rangi kwenye kona ya kivuli, na mtoto anayetambaa

MZAZI mwenzangu, nyumba nyingi zina kona ambayo maua yanagoma. Ni chini ya mwembe, au kando ya ukuta mrefu, ambako jua linagusa kidogo asubuhi kisha linaondoka. Ukipanda waridi hapo linarefuka tu bila kuchanua. Kona hiyo inataka mmea ambao uzuri wake uko kwenye jani.

Kuna miwili inayofaa. Wa kwanza ni kaladiumu: jani lina umbo la moyo, jeupe lenye mishipa ya kijani, au jekundu. Wa pili ni koleusi: jani dogo lenye meno pembeni, zambarau, njano na kijani kwa pamoja, na shina lenye pembe nne. Yote inapenda kivuli chepesi. Jua kali la mchana hubabua majani, na giza likizidi rangi hufifia.

Kabla hujanunua, jiulize: nyumbani kuna mtoto anayetambaa?

Kaladiumu ni jamii moja na magimbi. Unajua gimbi bichi linavyowasha mikono ukilimenya. Lina chembe ndogo zenye ncha kama sindano, na kaladiumu inazo pia kwenye jani, shina na kiazi. Mtoto akitafuna, mdomo na ulimi huchoma kama moto, huweza kuvimba, na mate humtoka. Gimbi tunalipika likaiva tukala. Kaladiumu si chakula, hata ikipikwa.

Ikitokea, mtoe vipande mdomoni, mfute kwa kitambaa safi chenye maji, kisha mpe maji baridi au maziwa kidogo kidogo ikiwa anameza vizuri. Usimtapishe. Akivimba, akishindwa kumeza au kupumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja, na ubebe jani lenyewe.

Jambo jingine: kiangazi kaladiumu hunyauka yote, kinabaki kiazi ardhini. Mwambie kila mtu wa nyumbani, asije mtu akakichimba akidhani ni gimbi.

Kwa hiyo, kama una mtoto mdogo, panda koleusi. Ni ndugu wa mrehani. Nayo si mboga, lakini haina ukali huo. Kaladiumu iweke kwenye chungu mahali pa juu asipofika, au isubiri mtoto akue.

Uzuri wa koleusi ni kwamba mche unaweza kuombwa kwa jirani. Kata tawi la urefu wa kiganja, ondoa majani ya chini, lisimamishe kwenye glasi ya maji. Mtoto wa shule ya msingi apewe kazi ya kubadilisha maji na kuangalia mizizi ikitoka. Ikishakuwa mirefu kama kidole, pandeni kwenye udongo usiotuamisha maji, uliochanganywa na samadi iliyooza. Mwagilia udongo wa juu unapokauka. Kata vikonyo vya juu ili mche utanuke, na ukiona maua, yakate, nguvu irudi kwenye majani.

Wakati mnapanda, mfundishe mtoto neno moja: majani ya bustani tunayatazama, hatuyaonji. Atakwenda nalo hata kwa majirani.

Tukutane wiki ijayo.