Kabla ya Kupaa, Jua Kuachia!

Wenye likizo zenu najua mshaanza kuipigia hesabu Bwejuu: mchanga mweupe, madafu, mtu na mtu wake. Siku hizi kuna na kaiti, yaani ule mchezo wa kuvutwa na tiara kubwa ukiwa juu ya ubao. Kusi likishika, Juni mpaka Septemba, au kaskazi, Desemba mpaka Februari, tiara zinajaa angani kuanzia Paje. Shemeji kaona, anataka kupaa leo leo. Na wewe hutaki kuonekana muoga. Ngojeni kwanza, wapendwa.

Twende kidogo kwenye theluji. Msishangae, pwani nako tunaye wetu: Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliiwakilisha Kenya kwenye skii ya mlimani katika Olimpiki ya 2018 kule Korea Kusini. Zamani skii ilivunja watu miguu kweli kweli. Kiatu kilifungwa kwenye ubao. Ukianguka, ubao unazunguka na mguu nao. Hjalmar Hvam, Mnorwe aliyehamia Marekani, alivunjika mguu mwaka 1937. Akabuni kifungo kinachofyatuka chenyewe ubao ukivuta kupita kiasi, akakipatia hataza mwaka 1939. Vifungo hivyo vilipoboreshwa na kuenea, kuvunjika muundi kukapungua sana, ingawa magoti yanaumia mpaka leo.

Kaiti nayo imepita humo humo. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili tiara yao ya kujazwa hewa mwaka 1984. Tiara za mwanzo upepo ukizidi zilikuburuta tu. Katikati ya miaka ya 2000 zikaja ambazo ukisukuma fimbo ya kushikia, nguvu karibu yote inakata. Na kiunoni kuna kifyatuo: ukikisukuma, tiara inalala, inabaki kwenye kamba moja. Kama bado inakuburuta, kipo cha pili cha kuiachia kabisa.

Tofauti ni hii: cha skii kinajifyatua chenyewe, cha kaiti kinasubiri mkono wako. Na watu wanachelewa! Mmoja anaionea huruma tiara ya bei mbaya, mwingine anaona aibu mpenzi anatazama.

Kwa hiyo, mkifika Bwejuu:

Tafuteni mwalimu, vaeni kofia ngumu na jaketi la kuelea. Kifyatue kifyatuo mkiwa mchangani, tena na tena, mpaka mkono uzoee.

Ulizeni maji. Yakipwa, kina ndani ya mwamba kinakuwa kidogo mno. Ukianguka, unaanguka juu ya jiwe. Na pale kwenye vijiti na kamba za mwani ni shamba la watu. Mwani wa biashara ulianza pwani hii ya mashariki mwaka 1989, kabla kaiti haijafika, na wengi wanaoulima ni akina mama. Kaeni mbali nao.

Wewe uliyebaki ufukweni, simama upande unakotoka upepo, usisimame mbele ya tiara. Ukiona mwenzio kazidiwa, usimpigie makofi. Mpigie kelele moja tu: "Achia!" Na akitoka majini, usimcheke. Aliyeachia mapema ndiye mtakayekula naye pweza jioni.

Wazee walishasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tukutane mwezi ujao!