KOMPAILA SI MCHAWI

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Mpenzi msomaji, funzo hilo nililipata muhula uliopita mbele ya wenzangu wa chama cha kompyuta, na aibu yake ninayo hadi leo.

Tulikuwa tukishindana nani ataandika programu ya kasi zaidi kwa lugha ya C. Yangu ilirudia hesabu mara 1,000,000,000. Nikaiendesha, na kufumba na kufumbua, imemaliza! Nikajipiga kifua: "Nani kama mimi?" Mwalimu akatabasamu. "Haya bwana, jibu ni ngapi?" Lo! Sikuwa nimeiagiza ionyeshe jibu. Nilipoongeza mstari huo mmoja, programu ikajikokota kama kobe. Kumbe kompaila, yaani programu inayofasiri maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, iliona jibu halitumiki popote, ikaufuta mzunguko wote. Nilikuwa nikijivunia kazi ambayo haikufanywa!

Wako wanaosema, "Ya nini kujisumbua? Kompaila itajifanyia." Wengine nao huipinda programu hadi haisomeki, ati waongeze kasi. Kwa maoni yangu, wote wamepotoka. Ukiandika 60*60*24, kompaila huweka 86,400 kabla programu haijaanza. Hesabu isiyobadilika ndani ya mzunguko huweza kuitoa nje ifanywe mara moja tu. Basi ya nini kuhangaika? Lakini ukitafuta jina moja moja katika orodha ya majina 1,000,000 yaliyopangwa kialfabeti, haitakwambia kuwa kuigawa orodha nusu kwa nusu kungekufikisha kwa hatua kama 20. Hapo ni akili yako.

Tena huu si uchawi, ni elimu. Frances Allen wa Marekani, aliyewahi kuwa mwalimu wa hisabati, aliingia IBM mwaka wa 1957 akazitafiti mbinu hizi miaka mingi. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Turing, ile ya mwaka wa 2006. Wasichana wenzangu, mnasikia?

Tujifunze basi. Kompaila ya GCC ukiipa alama ya -S, itakuandikia maagizo iliyoyatunga uyasome mwenyewe. Andika programu inayoeleweka, pima, kisha uchunguze.

Mwakani tutashindana tena. Safari hii nitaonyesha jibu kwanza, ndipo nijigambe.