Mtunza Stoo Naye ni Mlinzi

Kila nikisema nataka kuwa mtunza stoo wa polisi, wenzangu hapa Timbwani hunicheka. Ati ni kazi ya kuhesabu buti na blanketi! Haya, na bunduki je? Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi waliingia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua bunduki zaidi ya 40. Najua, daftari halizuii risasi. Lakini asubuhi yake, bila nambari zilizoandikwa, nani angejua ni zipi za kutafutwa? Bunduki isiyo daftarini, hata ikiokotwa msituni, itarudishwa wapi? Basi nichekeni tu. Hesabu naipenda, mwalimu wangu ni shahidi.