Sange: Garanti wanachukua, choo kikijaa wanakuambia « tengeneza wewe »

SANGE, territoire ya Uvira – « Si wewe ndiye unakaa humo? Basi tengeneza. » Hilo ndilo jibu ambalo wapangaji wengi wanapewa wakimwambia mwenye nyumba kwamba bati limetoboka, choo kimejaa ao waya wa umeme unatoa cheche. Limezoeleka hata watu wanafikiri ni sheria. Si sheria. Mwenye nyumba anayejibu hivyo amekula pesa ya mtu na hajampa kile alicholipia.

Kwingine duniani mpangaji anagombana na mwenye nyumba juu ya friji ao mashine ya kufua nguo. Hapa nyumba inapangishwa tupu. Vitu vyake ni vichache: mlango na kufuli yake, dirisha, bati, choo cha uwanjani, waya na taa pale umeme umefika, robine pale maji yamefika. Kwa sababu ni vichache, kimoja kikiharibika familia nzima inaona. Mlango usiofunga katika Uwanda wa Ruzizi, kwa saa hizi za usiku tunazozijua sote, si jambo la kusema « tutaona mwezi ujao ».

Sheria inasema nini? Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu nyumba za kupanga zisizo za biashara, inakataza garanti ya nyumba ya kukaa kupita miezi mitatu. Na tangu zamani sana, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ile tunayoiita Code civil kitabu cha tatu, inamlazimisha mwenye nyumba kutoa nyumba ikiwa katika hali nzuri na kuitunza ibaki ya kufaa kwa kazi iliyopangishiwa. Matengenezo madogo ya kila siku ni ya mpangaji, na kitu alichovunja mwenyewe ao watoto wake, alipe. Lakini bati lililooza kwa uzee, ukuta uliolainika kwa mvua, waya uliofungwa vibaya kabla yeye hajaingia, hayo yote ni deni la mwenye nyumba. Ni deni, si huruma.

Wanaoumia zaidi ni waliokimbia vita. Mwezi wa Februari 2025, Bukavu ilipoanguka, familia nyingi zilishuka kupitia Kamanyola na barabara ya taifa namba 5 kuelekea Luvungi, Sange na Uvira. Kabla yao walikuwako wa Mutarule, waliokimbia baada ya mauaji ya Juni 2014. Mtu aliyefika na mkeka na sufuria hana nafasi ya kuchagua. Anaonyeshwa chumba jioni, mvua inatishia, watoto wamelala mgongoni. Anaitika kila kitu. Mwenye nyumba anajua hivyo. Ndiyo maana anaomba miezi mitano ao sita kwa mara moja, bila karatasi, na bati likianza kuvuja anasema pesa imekwisha.

Tuhesabu kidogo. Tuseme chumba ni dola 10 kwa mwezi, na mama amelipa miezi sita: dola 60, nyingine zikiwa msaada aliopewa na shirika kwa ajili ya makao. Baada ya wiki mbili ananunua bati mbili, misumari, anamlipa fundi. Mwezi wa tatu anachangia kuchimba choo kipya. Siku anayoondoka, nyumba ni nzuri kuliko alivyoikuta, na mpangaji anayemfuata anaombwa dola 12 kwa sababu « nyumba imetengenezwa ». Nani alitengeneza? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa tunampa jembe siku ya kwanza, tena tunamlipisha jembe lenyewe.

Wenye nyumba wana la kusema, na lisikilizwe. Wengi si matajiri. Kuna mjane anayepangisha chumba kimoja ili alipe masomo ya watoto, na kuna wapangaji wanaotoroka usiku na deni la miezi minne. Ni kweli. Lakini umaskini wa mwenye nyumba haugeuzi deni lake kuwa la mtu maskini kumpita. Kama hana pesa ya bati leo, amwambie mpangaji: nunua, tuandike, tukate kwenye kodi. Hapo hakuna anayepoteza. Asiyetaka hata hilo, tatizo lake si pesa.

Na isisahaulike kwamba mwezi wa Desemba 2025 vita vilipofika Sange na Uvira, wakaaji wenyewe walikimbia, wengi wakavuka Ruzizi kwenda Burundi. Kuna wenye nyumba wa hapa ambao leo wanajua namna mtu anavyolala chini ya shiti inayovuja huku nyumba yake iko mbali.

Juu ya choo, maneno yawe makali zaidi. Uvira na kandokando ya ziwa wanaijua kolera mwaka baada ya mwaka. Choo kilichojaa katika uwanja wa familia nne, karibu na mahali pa kuteka maji, si ugomvi wa watu wawili. Ni hatari ya avenue nzima, na chefu wa avenue anayepita hapo akifunga pua ana mkono wake ndani.

Mpangaji naye asiache kulipa kwa hasira, maana malimbikizo yanampa mwenye nyumba sababu ya kumtoa. Kabla ya kutoa pesa, azunguke nyumba pamoja na shahidi, waandike kilichoharibika, wote watie sahihi. Asiyejua kuandika atafute kijana wa shule. Akitengeneza kitu, makubaliano ya kukata kodi yaandikwe kwanza, na risiti ya fundi itunzwe kama kadi ya uchaguzi. Mwenye nyumba akikataa, kesi inapelekwa kwanza kwa service ya Habitat ili wapatanishwe. Ikishindikana, Tribunal de paix ya Uvira.

Ni hapo sheria nzuri inafia njiani. Kutoka Sange mpaka Uvira, pesa ya pikipiki kwenda na kurudi, mara mbili ao tatu, inapita bei ya kufuli inayogombaniwa. Akibaki hapa, mlalamikaji anaombwa « makuta ya kalamu na karatasi » kabla hajafungua kinywa, na mwenye kutoa nyingi ndiye anasikilizwa vizuri. Viongozi wa Sange waache mchezo huo. Service ya Habitat ije hapa siku moja kila mwezi, siku ya soko, watu wote wakiona, na daftari la garanti mkononi. Na mashirika yanayotoa pesa za makao yaombe kwanza ile karatasi yenye sahihi, kisha mtu wao aende aone kama mlango unafunga.